Jinsi ya kupiga nailoni yenye nyuzi za kioo (GF30) kwenye mashine ya injekshen

Wakuu, huu mwongozo ni kwa waliozoea kupiga plastiki za PP na PE, yaani mabeseni, ndoo, viti vya plastiki, vizibo, halafu siku moja anatokea mteja na breketi ya feni ya gari au ile miguu mitano ya kiti cha ofisi, na ukigeuza sampuli yake kwa nyuma pameandikwa PA6-GF30 au PA66-GF30. Hiyo ndo nailoni (PA) yenye nyuzi za kioo (GF), 30 maana yake asilimia 30 ya uzito ni kioo, nyuzi nyembamba sana za unene wa mikroni 10 hivi. Mafundi wengi wanakiogopa kioo kwamba kitakula skruu inayosukuma plastiki na moldi inayoipa umbo, na kweli kitakula, lakini kazi nyingi ninazoziona zinarudishwa zimeharibiwa na maji. Nailoni inakunywa maji ya hewani, na kazi yote hii ukiiangalia vizuri ni kuyatoa maji kabla hujapiga halafu kuyarudisha ukishapiga. Watu wa Dar, Tanga na Mombasa hili ni lenu zaidi maana hewa yetu yenyewe ni maji matupu.

Hatua ya 1: Jua unachonunua

Muulize mteja kitu kitakaa wapi. Kama ni kiti, kishikio, breketi ya sehemu isiyo na joto kali, PA6-GF30 inatosha, inayeyuka kwenye digrii 220, inapigika kirahisi na sura inatoka vizuri. Karibu na injini nenda PA66-GF30, hiyo inayeyuka digrii 260 na inakunywa maji pungufu kidogo. Halafu kuna zile tenki nyeusi za rejeta, za juu na chini, hizo nazo ni PA66-GF30 ila zimewekewa dawa ya kuhimili maji ya moto yenye kulanti, kwa hiyo ukipiga na matirio ya kawaida zitakaa muda mfupi zipasuke. Nunua gredi ya rejeta kwa kazi ya rejeta, hapo hakuna njia ya mkato. Kitu cha kukaa juani chukua nyeusi.

Kwa nini watu wanalipia kioo? PA66 tupu ukiibebesha mzigo ule wa kipimo cha maabara, MPa 1.8, inaanza kulegea kwenye digrii 70 hivi, ukiiwekea asilimia 30 ya kioo inafika karibu 250. Ugumu wa kupinda nao unapanda karibu mara tatu. Ndo maana kitu cha plastiki kinakaa pembeni ya injini na hakilegei.

Sasa mtaani kuna viroba vya kila aina, na matirio ya kusagwa inauzwa kama mpya. Ukichoma punje moja, nailoni inanuka kama nywele zilizoungua, hiyo inakuambia ni nailoni lakini haikuambii kioo ni kiasi gani. Kipimo cha uhakika ni cha majivu. Chukua gramu 10 zilizokaushwa, weka kwenye kikombe kinachovumilia moto, ingiza kwenye tanuru la digrii 600 sehemu yenye hewa ya kutosha mpaka weusi wote uishe, ikipoa pima kilichobaki. GF30 inabakisha karibu gramu 3. Ikibaki gramu 2 umeuziwa GF20. Ikibaki 3 lakini ukiangalia kwa lenzi huoni nyuzi, unaona unga kama wa chaki, basi hapo wamejazia madini, na hayo hayana nguvu ya nyuzi hata kidogo. Kama huna tanuru anza kuulizia kwenye taasisi za utafiti wa viwanda, TIRDO kwa Tanzania na KIRDI kwa Kenya.

Hatua ya 2: Piga hesabu kabla hujafunga moldi

Usichukue moldi ya PP ukadhani utabadilisha matirio tu. PP ina densiti ya 0.9, hii ina 1.36, kwa hiyo kitu kilichokuwa gramu 100 kwa PP kitakuwa gramu 150 hivi, na bei unayomtajia mteja ianzie hapo, maana kuna watu wanapiga hesabu ya kilo wakasahau kwamba ujazo uleule sasa una kilo nyingi zaidi.

Kusinyaa nako ni tofauti kabisa. PP inasinyaa asilimia 1.5 hadi 2, hii inasinyaa kama 0.3 kwa upande ule matirio inakotiririkia na 0.8 hadi 1 kwa upande unaokatisha. Moldi yenye urefu wa milimita 200 iliyokuwa inakutolea kitu cha 197 itakutolea 199 na ushee, matundu hayatakutana na boliti. Na kwa kuwa pande mbili zinasinyaa tofauti kitu kinapinda, hilo ndo tatizo la kioo lenyewe hasa, nyuzi zinalala kuelekea mtiririko na upande huo haukubali kusinyaa. Dawa yake kubwa iko kwenye geti, yaani tundu ambalo matirio inaingilia kwenye umbo la moldi: weka geti mahali ambapo nyuzi zitalala kufuata mzigo. Miguu ya kiti cha ofisi inaingizwa katikati kwenye kitovu, matirio inakimbia kwenda kwenye kila mguu, nyuzi zinalala kwa urefu wa mguu, na ndo huko huko nguvu inakohitajika.

Halafu angalia mistari ya maungio, pale mitiririko miwili inapokutana, mfano nyuma ya tundu la boliti. Nyuzi haziruki kwenda ng'ambo ya pili, kwa hiyo nguvu ya pale inaweza kuwa nusu ya sehemu nyingine. Mstari ukiangukia kwenye tundu linalobeba mzigo hamisha geti, usijidanganye kwamba presha itamaliza hilo.

Chuma cha moldi kiwe kigumu, H13 iliyotiwa moto au zaidi ya hapo, na sehemu ya geti iwe kipande cha kuchomoa ili ikiliwa ubadilishe hicho tu. Geti lisiwe dogo, kipenyo kisipungue nusu ya unene wa ukuta, geti dogo linakata nyuzi na linaganda mapema. Njia za kutolea hewa kina chake milimita 0.02 basi, nailoni iliyoyeyuka ni nyepesi kama maji, ukizidisha utapata flashi, yaani plastiki inayovuja pembeni ya kitu. Nguvu ya klampu inayofunga moldi hesabu tani 0.5 hadi 0.8 kwa kila sentimita ya mraba ya kivuli cha kitu (eneo lake ukikitazama upande moldi inakofungukia), kwa hiyo kivuli cha sentimita za mraba 200 kinataka mashine ya tani 100 hadi 160. Na skruu na bareli (bomba la moto ambamo skruu inazunguka), kama ni zile za kawaida za PP zitapiga kwa muda halafu zianze kulegea, ukipewa oda kubwa agiza bareli ya bimetali na skruu iliyokomazwa.

Hatua ya 3: Kausha, na kausha kweli

Hapa ndo pa kutulia.

Nailoni ikiingia kwenye bareli na maji, ikafika digrii 280, yale maji yanakata minyororo ya nailoni yenyewe. Sio mapovu tu na michirizi ya rangi ya fedha juu ya ngozi, hiyo ni sehemu unayoiona, kinachoumiza ni kwamba nguvu imeshaondoka na hairudi hata ukikausha kitu kilichopigwa. Unaweza ukapata kitu kizuri kwa macho halafu kinakatika mkononi kwa mteja. Lengo ni unyevu chini ya asilimia 0.2, ukifika 0.1 ni vizuri zaidi.

Draya ya hewa ya moto tu, ile inayokaa juu ya hopa (pipa la kumiminia punje) na feni chini, kwa pwani haitoshi na sababu yake ni hii. Hewa ya Dar ikiwa digrii 30 na unyevu asilimia 80, kiwango chake cha umande, yaani joto ambalo maji yake yanaanza kuwa matone, ni digrii 26 hivi. Ukiipasha moto mpaka 80 bado ina maji yaleyale, kwa hiyo punje zinafika mahali zinaacha kutoa maji. Draya inayotakiwa ni ile yenye vidonge vya kufyonza unyevu, ambayo inaleta hewa yenye umande wa digrii 30 hadi 40 chini ya sifuri. Nairobi au Arusha wakati wa kiangazi hewa ya moto inaweza kukuvusha kwa kitu kisicho na mzigo, pwani usijaribu.

Weka digrii 80. Kiroba kilichofunguliwa sasa hivi masaa 4 hadi 6, kilichokaa wazi tangu jana hesabu 8 hadi 12. Usipandishe mpaka 100 ili uwahi, nailoni inaoza kwa hewa ya oksijeni, matirio ya rangi ya asili utaiona inageuka njano na hiyo njano ni uharibifu. Ukiona mwishoni mwa wiki mashine itasimama, shusha draya, usiache nailoni inapikwa kuanzia ijumaa mpaka jumatatu, ikikauka kupita kiasi inakuwa nzito kutiririka na shoti, yaani pigo moja la matirio kwenye moldi, hazijai.

Ukubwa wa hopa ya draya unaupata hivi: shoti ya gramu 150, saiko (muda wa pigo zima) ya sekunde 40, ni shoti 90 kwa saa, kilo 13.5. Zidisha na masaa 5 ya kukausha unapata kilo 68 hivi, ambayo ni lita 100 za hopa kwa makadirio. Watu wengi wananunua hopa ya lita 50 wanaandika masaa 5 kwenye kidhibiti, wakati punje zinapita mle ndani kwa masaa mawili na nusu. Hesabu hiyo fanya mwenyewe, usimwachie muuza draya.

Kiroba kikitoka stoo yenye ubaridi au chumba cha ac, usikifungue hapohapo, kiache mpaka kilingane na joto la karakana, vinginevyo umande unatua kwenye punje. Na kilichobaki funga kwa joto, usikunje mdomo wa kiroba ukaweka tofali juu.

Kipimo cha haraka kabla ya kupiga: rudisha nyuma mashine, toa matirio hewani kwenye trei ya chuma. Iliyokauka inatoka laini, inang'aa, haina kelele. Yenye maji inatoka na povu, inapasukapasuka na inadondoka nyembamba kama uji wa mgonjwa. Vaa miwani na glavu na usisimame mbele ya nozo (mdomo wa bareli), mvuke ukijifungia ndani unaweza kurusha matirio ya digrii 290 usoni.

Hatua ya 4: Weka joto la bareli na mwendo wa skruu

PA6-GF30 anza na nyuma 260, kati 270, mbele 275, nozo 275. PA66-GF30 anza 275, 285, 290, nozo 290. Usivuke 310 kwa matirio yenyewe, na pima kwa thamometa ya kuchomeka kwenye matirio uliyoitoa, usiamini skrini. Mdomo wa hopa uwe na joto la 60 hadi 80, ukiupoza sana kwa maji baridi, huku pwani utaokota umande palepale baada ya kazi yote ya kukausha.

Skruu izunguke taratibu. Kwa skruu ya milimita 40 baki chini ya mizunguko 100 kwa dakika, na bakipresha, ile presha inayozuia skruu ikirudi nyuma, iwe ndogo, bar 3 hadi 7 kwenye geji ya hidroliki. Hapa tabia ya PP inakuponza, kwenye PP mtu anapandisha bakipresha ili rangi ichanganyike, kwenye hii unavunja nyuzi. Zinaingia kwenye punje zikiwa ndefu, zikifika kwenye kitu zinabaki sehemu mbili tatu za kumi za milimita hivi, ukizisaga zaidi ya hapo umelipia kioo upate mchanga.

Matirio isikae ndani ya bareli zaidi ya dakika 8 hadi 10. Kwa hiyo mashine kubwa na shoti ndogo haviendani, shoti iwe kati ya asilimia 30 na 70 ya uwezo wa mashine.

Hatua ya 5: Pasha moldi

Ndio, pasha. Digrii 80 hadi 90, kwa kipashio cha mafuta au cha maji yenye presha. Aliyezoea kupoza moldi kwa chila ataona ni ujinga, kwamba saiko itakuwa ndefu, lakini nailoni inahitaji muda wa kujipanga ndani, na ukipoza ghafla unapata ngozi ya kijivu yenye nyuzi zimeota juu, halafu kitu kinaendelea kusinyaa stoo kwa mteja. Saiko haiongezeki unavyodhani, maana hii matirio inaganda upesi na ni ngumu ikiwa bado ya moto, inatoka kwenye moldi bila kupinda.

Hatua ya 6: Shoti za kwanza

Ingiza haraka, sekunde 1 au 2 kwa kitu cha kawaida. Ukiingiza taratibu inaganda njiani na nyuzi zinabaki juu. Anza bila presha ya kushikilia, ile inayobana matirio moldi ikishajaa, jaza asilimia 95 ya kitu uone mtiririko unavyokwenda na unakoishia, maana huko kunakoishia ndiko hewa inakotakiwa itokee. Ukiona alama nyeusi ya kuungua pembeni, hewa imenaswa, safisha njia za hewa kwanza kabla hujapunguza spidi.

Halafu ongeza presha ya kushikilia, karibu nusu au zaidi kidogo ya presha ya kujaza, na utafute muda wake kwa mizani: piga na sekunde 2, pima kitu bila rana (plastiki inayoganda kwenye njia ya kwenda kwenye geti), piga na 3, na 4, na kuendelea. Uzito ukiacha kuongezeka geti limeganda, weka hapo na nusu sekunde juu. Mizani ya gramu inakusaidia kuliko skrini yote ya mashine. Mbele ya skruu pabaki matirio ya milimita 3 hadi 6 kila shoti, na kama kiasi hicho kinacheza, leo 5 kesho 1, ringi ya mbele ya skruu imeliwa na kioo tayari.

Nozo ikidondosha matirio, angalia mambo kwa mpangilio huu: unyevu, halafu joto la nozo, halafu ongeza kidogo kuvuta skruu nyuma. Usikimbilie kushusha joto la nozo mpaka inaganda. Michirizi ya fedha nayo anza na draya. Ukipata flashi pamoja na povu usiongeze klampu, ni maji hayo, yamefanya matirio iwe nyepesi mno. Kupinda anza na joto la moldi pande mbili kama zinalingana, kisha geti.

Hatua ya 7: Ukisimama

Dakika 10 zikipita bila kupiga, toa matirio iliyoko ndani kabla ya kuendelea. Ukifunga kazi, zima hopa, toa nailoni yote, pitisha HDPE (PE ile ngumu) mpaka itoke safi, ndipo ushushe joto. Usiache nailoni ya kioo igande kwenye bareli usiku kucha. Na usichanganye kabisa na plastiki za asetali wala PVC kwenye bareli lenye joto hili, zinaoza na kutoa gesi mbaya, kama kazi iliyopita ilikuwa moja ya hizo safisha kwa HDPE kwa joto lake la chini kwanza.

Hatua ya 8: Rana na vilivyoharibika

Saga siku hiyohiyo zikiwa bado kavu, changanya mpaka asilimia 20 na matirio mpya, na kwa kitu cha kubeba mzigo mkubwa usichanganye. Nyuzi zimekatika tena na vitu vilivyopigwa na maji vimekwisha nguvu, hivyo vya michirizi visirudi kwenye krasha (mashine ya kusagia) hata kama bosi anaona hasara. Vaa barakoa na mikono mirefu kwenye krasha, vumbi la kioo linawasha ngozi na koo.

Hatua ya 9: Rudisha maji

Kitu kikitoka kwenye moldi ni kikavu kabisa, kigumu sana na kinavunjika kwa urahisi kikigongwa. Hapo ndo mteja anachukua, anakipiga nyundo, kinapasuka, anasema umempa feki. Kikinyonya maji mpaka kiwiane na hewa kinakuwa kigumu kidogo pungufu lakini hakivunjiki ovyo. Na ndo maana datashiti ina safu mbili za namba, kavu na iliyonyonya. PA66-GF30 nguvu yake ya kuvutwa inaandikwa karibu MPa 185 ikiwa kavu na kama 125 ikishanyonya. Muuzaji atakuonyesha ya kwanza, wewe chora kitu chako kwa ya pili.

Kwa hewa peke yake ukuta wa milimita 3 au 4 unachukua miezi. Kwa haraka tumbukiza vitu kwenye maji ya digrii 70 hadi 80, pima kimoja kila baada ya masaa mawili, PA66-GF30 simama kikiongezeka asilimia 1.7 hivi, PA6-GF30 asilimia 2. Kwa hiyo breketi ya gramu 150 ya PA6 itoke na 153. Halafu vifunge kwenye mfuko wa plastiki siku kadhaa, maji ya juu yaingie katikati, usivipime nguvu siku hiyohiyo maana nje pamelegea na ndani bado pakavu. Vipimo vya urefu navyo vinaongezeka kidogo, zaidi upande unaokatisha nyuzi, kwa hiyo kama tundu linabana beringi angalia tena kwa kalipa baada ya hapo, na mkubaliane na mteja kwa maandishi kwamba vipimo na jaribio la nyundo vinafanyika kitu kikiwa kimeshanyonya.